Mfuko wa Kitanda cha Pili

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, simu ililia katika chumba cha muuguzi wa kuzuia maambukizi. Mwenyewe alikuwa bado anakausha mikono. Hospitali nzima ilimwita Bi Sabuni, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupita wodi hadi wodi akichungulia nani kanawa na nani hajanawa, na kwa kazi hiyo mtu hapati marafiki. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewanyooshesha viganja madaktari wazima kama watoto wa chekechea.

"Kaa kwanza," ilisema sauti kwenye simu.

"Nimekaa."

"Hujakaa. Nakujua."

Alikuwa Mama Sahani, fundi mkuu wa maabara, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya zile sahani ndogo anazooteshea vijidudu vya wagonjwa ili vitambulike. Bi Sabuni akakaa.

"Wodi ya saratani," alisema Mama Sahani. "Wagonjwa wanne walipata homa wakatolewa damu Jumamosi jioni. Kitanda cha pili, cha nne, cha sita na cha saba. Damu zote zimeota kijidudu kimoja. Nimekijaribu kwa dawa zote kumi na moja tunazopima hapa, hakuna hata moja inayokishtua. Yule bibi wa kitanda cha pili amefariki alfajiri."

"Na cha sita ni mdogo wangu."

"Najua. Ndiyo maana nikasema kaa."

Mdogo wake aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Walikuwa wamebaki wawili tu duniani, na Bi Sabuni ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Kansa ya damu ilimpata mwaka jana. Kama wenzake wa wodi ile, aliwekewa mrija kifuani, uzi wa plastiki unaopita chini ya mtulinga na kuingia mshipa mkubwa karibu na moyo, ili dawa kali zisiuchome mkono. Mrija ule ni mlango wa nyumba. Ukiufungua vizuri, inapita dawa. Ukiufungua vibaya, anapita mwizi, na ndani mwenye nyumba hana hata fimbo, maana dawa za saratani zimemmaliza kinga yote.

Saa moja na nusu Bi Sabuni alikuwa kitandani kwa Kitinda. Joto nyuzi arobaini. Mrija ulikuwa umeng'olewa usiku uliopita, lakini kilichoingia kilikuwa kimeshaingia.

"Dada, unanitisha na uso huo," alisema Kitinda, meno yakigongana. "Kwani kuna mtu hakunawa mikono?"

"Nyamaza, jifunike."

Alitoka nje akaegemea ukuta wa ujia, na hapo hasira ikampanda kweli. Miaka mitatu wodi ile haikuwa na kijidudu sugu cha namna ile, na anajua, kwa kuwa jedwali anachora yeye kwa mkono wake. Halafu siku moja, wanne, ndani ya saa chache. Kijidudu cha uchafu huja kimoja kimoja, kwa kunyata. Hiki kilikuja kama kimetumwa. Mtu amefanya hivi, alijiambia. Na mtu huyo nikimpata nitamla mbichi, sitamwachia hata mfupa.

Muuguzi wa zamu ya Jumamosi alikuwa Chapuchapu, mwanaume wa makamo aliyeweza kuhudumia wagonjwa wanane wakati wengine wanatafuta glavu. Alimkuta katika chumba cha kutayarishia dawa. Ni chumba chembamba chenye meza ya bati, sinki moja, na dirisha lisilofunguka.

"Shikamoo, Bi Sabuni."

"Marahaba. Jumamosi ulisafisha mirija ya nani?"

"Wagonjwa wanne. Wa tatu, wa nne, wa sita, wa saba. Yule bibi wa pili nilimtundikia dripu tu." Alikuwa akiongea akiwa ameshika kingo za meza.

Kusafisha mrija ni kuupitishia maji ya chumvi kwa bomba la sindano kila juma ili usizibe. Kila mgonjwa hupaswa kuwa na mfuko wake wa maji hayo. Ndivyo kitabu kinavyosema.

"Mifuko mingapi ulifungua?"

Chapuchapu alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Nimeuliza mingapi."

"Mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Stoo hufungwa Jumamosi, Bi Sabuni, na ulikuwa umebaki mmoja. Nikauandika 'Kitanda cha pili', nikauweka hapa mezani, nikachotea mabomba ya wengine humo humo, kisha uliobaki nikamtundikia bibi. Hatukuanza leo. Huo tunauita mfuko mama, mbona kila mtu anajua."

"Mimi sijui."

Chapuchapu alimtazama kama mtu asiyeamini.

Bi Sabuni aliona ajabu moja. "Wa tatu umemsafishia kwa mfuko huo huo?"

"Huo huo. Yeye ndiye wa kwanza."

"Na mbona yeye mzima? Asubuhi hii amekula na kuomba nyongeza."

Chapuchapu alitoa daftari la zamu. Mtu mwepesi yule, lakini saa alikuwa anaziandika. Kitanda cha tatu, saa mbili na dakika thelathini na tano. Kitanda cha nne, saa tatu kasoro dakika kumi. Baada ya hapo cha sita, cha saba, na saa tatu kamili dripu ya bibi.

"Kati ya wa tatu na wa nne pana robo saa," alisema Bi Sabuni. "Wewe chapuchapu, robo saa ulikuwa wapi?"

"Wa tano alitapika, nikaenda kumbadilisha shuka. Mfuko ulibaki hapa mezani."

"Nani aliingia humu?"

Alihesabu kwa vidole. "Mzee wa Mapipa, kuchukua taka. Daktari Bingwa, alikuja kunawa kabla ya kumwamkia mama yake. Na Mama Sahani, alikuja mwenyewe kuchukua chupa za damu za asubuhi, mhudumu wake alikuwa na mapumziko. Basi."

Maana yule bibi wa kitanda cha pili, msomaji ujue, alikuwa mama mzazi wa Daktari Bingwa, mkuu wa wodi yenyewe.

Watu watatu, robo saa moja. Mfuko uliingia humo safi ukatoka na sumu.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Mzee wa Mapipa, aliyekuwa akikusanya taka za wodi. Alikuwa na sababu. Ijumaa alichomwa na sindano iliyotupwa ovyo kwenye pipa, na mbele ya wodi nzima alimwambia Chapuchapu, "Mtanikoma nyinyi, siku yenu inakuja." Saa tano Bi Sabuni alimkuta nyuma ya jengo, karibu na tanuri la kuchomea taka.

"Ulisema watakukoma. Wamekukoma?"

Mzee alikaa juu ya ndoo akavua glavu taratibu, akaonyesha kidole kilichofungwa bendeji. "Mwanangu, mimi nikiwa na hasira natukana. Nikishatukana, zimekwisha. Nilitaka wao wachomwe, nitamchomaje mgonjwa? Huyo kanikosea nini?"

"Taka za Jumamosi umechoma?"

"Tanuri limekufa tangu Ijumaa. Ziko pale, sijagusa."

Ukimtuhumu mtu kuficha ushahidi, kisha akakuonyesha rundo lenye ushahidi wenyewe, ujue umeula wa chuya. Walipekua pamoja magunia ya njano, mzee akilalamika kuhusu mgongo wake, mpaka saa saba kasoro. Mfuko ulipatikana, umejikunja, na kibandiko chake: Kitanda cha pili, Jumamosi, saa mbili na nusu. Chini yalikuwa yamebaki maji kidogo. Kwenye kizibo cha mpira palikuwa na matundu ya sindano sita. Bi Sabuni aliyahesabu mara mbili. Chapuchapu alichota mara nne, dripu ikatoboa la tano.

"La sita la nani?" aliuliza mzee.

"Ndiye ninayemtafuta," alisema Bi Sabuni.

Alivuta maji yale kwa sindano safi, akayagawa kwenye chupa mbili. Ya kwanza aliiandika kama ilivyo: maji ya dripu, wodi ya saratani, kitanda cha pili. Ya pili aliiandikia jina la mtu asiyekuwepo, wodi ya upasuaji. Hakuwa anamshuku yeyote maabara. Yalikuwa ni mazoea tu. Kila mwezi aliwatumia mgonjwa hewa, kipimo kilekile chenye majina mawili, aone kama majibu yatalingana, na hakuwahi kumwambia mtu. Miaka yote majibu yalilingana. Mama Sahani alikuwa fundi hasa.

Alizipeleka chupa mbili hizo kwa nyakati mbili, kwenye trei mbili tofauti. Mama Sahani alikuwa ameinama juu ya sahani zake, miwani kwenye ncha ya pua. Yeye ndiye mtu pekee ambaye Bi Sabuni alihisi angemwelewa, kwa kuwa alimzika mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka tisa, akitokea wodi ile ile miaka mitatu iliyopita.

"Umewahi kukiona kijidudu hiki?" Bi Sabuni alimuuliza.

"Hata ningekuwa nimekiona, nitalinganisha na nini? Friji la kugandishia vijidudu vya zamani lilikufa mwaka jana. Vyote tuliviteketeza." Alinyanyua macho. "Kitinda anaendeleaje?"

"Hali si nzuri."

"Pole," alisema Mama Sahani, akarudi kwenye sahani zake.

Daktari Bingwa alimpokea saa kumi jioni ofisini kwake, shati limenyooka, macho makavu. Mama yake alikuwa hajatimiza hata siku moja mochwari.

"Jumamosi uliingia chumba cha dawa," alisema Bi Sabuni.

"Kunawa. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Mama yako alikuwa anateseka. Wiki iliyopita ulisema mbele ya wauguzi, bora apumzike."

Daktari alimkazia macho. "Nilisema kama mtoto anayemwona mama yake akilia. Wewe hujasema hivyo juu ya mdogo wako?"

Bi Sabuni alikuwa amesema, tena mara mbili.

"Nitafungua mafaili ya zamani," alisema badala yake. "Kesi zote sugu za wodi hii."

Hapo ndipo daktari alipobadilika. Alisimama, akafunga mlango. "Usifukue makaburi, Bi Sabuni. Makaburi mengine umeyachimba mwenyewe."

Bi Sabuni alitoka mle akiwa na uhakika kwamba amempata mtu wake. Usiku ule alilala kwenye kiti kando ya Kitinda, na kila alipofumba macho alimwona Bingwa amefungwa pingu, na akafurahi.

Jumanne saa mbili asubuhi alifariki wa kitanda cha saba, mwalimu mstaafu wa hesabu aliyekuwa akiwauliza wauguzi maswali ya kujumlisha huku akitundikiwa dawa. Sasa polisi wakaitwa. Mpelelezi aliyekuja, mwanamke mnene mpole, alisikiliza mambo yote akasema, "Mimi vijidudu sivijui, mama. Wewe nitajie mtu, kumkamata ni kazi yangu."

Saa tano Bi Sabuni alivuta faili la miaka mitatu nyuma. Lilikuwa la yule mtoto wa miaka tisa, mwana wa Mama Sahani. Kwenye ukurasa wa maabara palikuwa na vipimo kumi na moja. Mtu asiyejua aelezwe: kidonge cha dawa huwekwa juu ya sahani iliyoota vijidudu, na dawa ikiwa na nguvu huacha duara tupu kukizunguka. Duara likiwa dogo, kijidudu ni sugu. Maduara yale hupimwa kwa rula, na ya kijidudu kimoja hufanana kama nyayo za mguu mmoja. Bi Sabuni aliweka karatasi ya mtoto kando ya karatasi ya Kitinda. Dawa ya saba, milimita tisa. Ya saba, milimita tisa. Dawa ya kumi, kumi na moja; kumi na moja. Nyingine zote hazikuacha duara lolote, huku na huku.

Kijidudu kilekile. Kimekaa wapi miaka mitatu?

Si wodini, angekiona. Si kwenye friji; lilikufa. Kijidudu kisichogandishwa hakikai chenyewe. Lazima mtu akihamishe kutoka sahani kuukuu hadi sahani mpya, kila juma, bila kusahau hata juma moja, kama mtu anayelea.

Alifungua ukurasa uliofuata, na hapo akakuta ripoti ya uchunguzi wa kifo cha mtoto, na chini yake sahihi yenye mkia mrefu. Sahihi yake.

Alikuwa hajaisahau. Alikuwa ameiweka mahali asipopita. Mtoto alipopata homa, wauguzi waliomba mrija utolewe siku ile ile. Bingwa alikuwa na safari ya mkutano, akasema utatolewa akirudi. Alirudi siku ya nne. Kisha alimwandikia Bi Sabuni ripoti, akamwekea mezani pamoja na kalamu, na siku ile cheo chake kilikuwa kinajadiliwa. Mistari mitatu tu: Mrija ulitunzwa ipasavyo. Kila mgonjwa ana mfuko wake. Maambukizi hayakuepukika. Alisaini bila kuhesabu hata mfuko mmoja.

Nyuma ya ripoti palibanwa barua ya mwaka jana, kwa mwandiko wa Mama Sahani: "Nina jambo jipya kuhusu mwanangu. Naomba nisikilizwe, hata dakika kumi." Na jibu la Bi Sabuni, neno kwa neno: "Suala hili limefungwa."

Alikaa na barua ile mpaka taa za ujia zikawashwa. Je, alijilaumu? Kidogo. Zaidi alikasirika. Kwa hiyo ni wewe, alisema moyoni, uliyenipa pole kwa mdomo huo huo. Akaamua asiseme neno mpaka majibu ya chupa yatoke.

Yalitoka Jumatano saa moja na nusu. Karatasi ya kitanda cha pili ilisema: maji safi, hakuna kilichoota. Karatasi ya mgonjwa hewa wa wodi ya upasuaji ilisema: kimeota kijidudu sugu, dawa zote kumi na moja zimeshindwa. Maji yale yale, mfuko ule ule, mkono ule ule ulioandika. Na chini ya karatasi ya mgonjwa hewa, kwa kalamu ya wino, palikuwa na mstari wa kumi na mbili ambao maabara haina kawaida ya kuupima: jina la dawa moja ya zamani, inayotumika siku hizi kwa ugonjwa mwingine kabisa, na maneno: "Mpeni hii haraka. Ipo kabati la chini la duka la dawa. Angalieni figo."

Bi Sabuni aliusoma mstari ule mara moja tu. Alikimbia. Hajawahi kuonekana akikimbia katika hospitali ile, na waliomwona walidhani moto. Saa mbili na robo dawa ilikuwa inaingia mkononi mwa Kitinda, na mkononi mwa yule wa kitanda cha nne. Bingwa aliisaini bila kuuliza imetoka wapi. Uso wa Bi Sabuni haukuwa wa kuulizwa.

Saa nne kamili aliwakusanya maabara: Bingwa, Chapuchapu, Mzee wa Mapipa, na mpelelezi aliyesimama mlangoni. Mama Sahani alikuwa kwenye kiti chake, hakuacha kazi.

"Mmekuja kupima damu wote?" aliuliza.

"Jumamosi saa mbili na dakika thelathini na tano mfuko ulikuwa safi," alianza Bi Sabuni. "Wa kitanda cha tatu ni shahidi. Saa tatu kasoro dakika kumi ulikuwa umeshatiwa kijidudu. Kizibo kina tundu la sita. Katikati waliingia watu watatu. Mzee angetaka kuficha, asingenionyesha taka. Daktari ana mengi ya kuficha, lakini hilo silo. Ni mmoja tu kati yao anayeweza kukilea kijidudu miaka mitatu."

Alizilaza karatasi mbili mezani.

"Hii ni ya kitanda cha pili, umeandika hakuna kitu. Hii ya mgonjwa wa upasuaji umeandika kila kitu. Mgonjwa huyo hayupo, Mama Sahani. Nimemzua mimi. Maji ni yale yale."

Mama Sahani aliichukua karatasi ya pili, akaisoma kama ya mtu mwingine. Kisha akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Miaka yote umekuwa ukinipima kwa watu hewa?"

"Kila mwezi."

"Na niliwahi kukosea?"

"Hata siku moja."

"Mnaona," aliwaambia wengine. Alivua miwani. "Basi sikieni. Kile kijidudu ndicho kilichomuua mwanangu. Nikakiweka, nikawa nakijaribu kwa kila dawa ninayoipata, hata za mifugo, nijue tu kama kulikuwa na njia. Juma la mia moja na nne nikaipata. Dawa imelala kabati la chini, hatua arobaini kutoka kitanda chake, siku zote nne ambazo huyu," alimwonyesha Bingwa kwa kidevu, "alikuwa kwenye mkutano anakunywa chai. Nikaandika barua niseme. Nikajibiwa kwa mstari mmoja."

Bingwa alirudi nyuma mpaka akagusa stuli.

"Nikasema sawa. Alinichukulia mwana, nitamchukulia mama. Aone inavyokuwa kukaa kando ya kitanda ukihesabu nyuzi za joto. Na ulimhesabia, Daktari? Ulilala?"

Bingwa alikaa. Macho yake yaliyokuwa makavu tangu Jumatatu yalilowa mbele ya watu wote.

"Mkuki kwa nguruwe," alisema Mama Sahani, bila kumwonea huruma.

"Ulimtaka mama yake," alisema Bi Sabuni. "Na mwalimu wa hesabu? Alikukosea nini? Na mdogo wangu?"

"Mfuko ulikuwa umeandikwa kitanda cha pili. Ningejuaje kwamba watachota wote humo?"

"Wodi nzima inajua mfuko mama," alisema Chapuchapu, taratibu.

"Mimi si wa wodi. Mimi nilisoma ripoti. Niliisoma mpaka naijua kwa moyo. Kila mgonjwa ana mfuko wake. Sahihi yenye mkia. Nikajisemea, Bi Sabuni ni mkali, ni mtu wa haki, akisema mifuko ni mbalimbali basi ni mbalimbali, hatadhurika mtu mwingine." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Niliiamini sahihi yako."

Bi Sabuni alishika ukingo wa meza kama mtu aliyetandikwa kofi.

"Dawa ulikuwa nayo," alisema hatimaye. "Mgonjwa usiyemjua ukampa. Jumatatu ulinipigia simu ukasema hakuna kitu."

"Nilisema katika zile kumi na moja. Sikudanganya. Niliposikia wa sita ni mdogo wako, nikasema Mungu mwenyewe amemleta. Naye aonje. Siku nne, kama zangu, kisha ningempa. Nilikuwa nahesabu. Lakini mwalimu akafa siku ya tatu." Alifunika uso kwa viganja. "Huyo sina la kumwambia. Huyo kila nikifumba macho ananiuliza nijumlishe."

Mpelelezi alisogea. Mama Sahani alifungua kabati la joto, akatoa sahani moja yenye kibandiko kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri, Juma la 158, akamkabidhi Mzee wa Mapipa. "Wasiitupe ovyo," alisema. Kisha akanyoosha mikono kwa pingu, na akiwa mlangoni akageuka.

"Mimi nimeshikwa, Bi Sabuni. Wewe atakushika nani?"

Tangu Jumatatu Bi Sabuni alikuwa amejiandalia maneno ya kumtupia mtu huyu. Alikuwa nayo tele, ya kuchoma mpaka mfupa. Aliyatafuta yote, akakuta kila moja linamrudia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Alichomoa faili kwapani, lenye ripoti na barua, akampa mpelelezi.

"Humo mna majina mawili," alisema. "La daktari na langu. Anza na langu."

"Unafanya nini?" Bingwa aliinuka. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana juu ya kaburi la mtoto," alisema Bi Sabuni. "Na leo nalipiza kisasi changu, Daktari. Niliapa nitamla mbichi aliyefanya haya. Sikujua tutakuwa watatu."

Ijumaa saa mbili asubuhi joto la Kitinda lilikuwa nyuzi thelathini na saba na nusu. Wa kitanda cha nne naye alikuwa amekaa, analalamika juu ya uji, na mgonjwa anayelalamika juu ya uji hajafa. Bi Sabuni alikuwa amesimamishwa kazi tangu Alhamisi. Aliingia wodini kama ndugu wa mgonjwa tu, bila koti jeupe, na alimkuta Kitinda macho, ameelekea ukutani.

"Chapuchapu amenieleza yote," alisema Kitinda.

"Nilitaka nikueleze mwenyewe."

"Mtoto wa miaka tisa, dada."

"Ndiyo."

Kitinda aligeuka, akamtazama. Walikuwa wawili tu duniani, na Bi Sabuni alisimama pale akingoja hukumu ambayo hakuna mahakama ingeweza kumpa. Aliona chupa ya maji mezani, akaona midomo ya mdogo wake imepasuka. Akainama, akanyoosha mkono amwinue kichwa anywe, kama alivyomfanyia tangu akiwa na miaka sita.

Kitinda aliuzuia mkono ule kwa vidole viwili, kabla haujamgusa.

"Kanawe kwanza," alisema.

Bi Sabuni alikwenda kwenye sinki. Alifungua maji, akachukua sabuni, akaanza kusugua, kiganja kwa kiganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, na maji yakaendelea kutiririka muda mrefu sana, na hakuna mtu katika wodi ile aliyemwambia inatosha.